Sura ya Saba: Nyumba Ambazo Hazijafikiwa

Kila kampeni ya kupulizia dawa ukoko majumbani huwa na namba moja ambayo wakubwa huitafuta kwanza kwenye ripoti: asilimia ya nyumba zilizopuliziwa. Kipimo kilichozoeleka, ambacho pia Shirika la Afya Duniani hukitaja, ni 85 au zaidi katika eneo lililolengwa. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: zilizopuliziwa gawanya kwa zilizopo. Ubishi uko kwenye hizo zilizopo. Kwa miaka mingi aliyezihesabu alikuwa mpuliziaji mwenyewe, na alihesabu alizozikuta. Chukua timu iliyokuta nyumba 95 ikapulizia 90, huku nyingine 60 zikiwa ng'ambo ya kinamasi ambako hakuna aliyekwenda. Ripoti itasema karibu asilimia 95. Ukweli ni 58. Na hakuna aliyedanganya.

Nimeianza sura hii ya maagizo ya kazi na hali zake kwa mfano huo kwa sababu vitabu vingi vya fani ya kupanga kazi za uwandani huanza na fundi wa lifti au wa majokofu, ambaye mteja wake hupiga simu akilalamika. Pale agizo huzaliwa na malalamiko. Mbu halalamikiwi hivyo. Hakuna kaya inayopiga simu wilayani kusema kwamba bomba halijapita kwake, na kazi ambayo hakuna anayeidai ndiyo inayopotea kirahisi kuliko zote. Kwa hiyo nitabaki kwenye malaria, na nitabaki hasa Nchelenge.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na miji ya Kilwa na Pweto. Lugha ya nyumbani ni Kibemba, lakini ukikaa kidogo kwenye soko la samaki la Kashikishi Kiswahili cha Katanga kitakufikia, na tangu Januari 2018 kinasikika zaidi bara kidogo ya hapo, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa kwa ajili ya waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Ziwani kuna visiwa vyenye watu, Kilwa na Chisenga. Na kuna malaria ya mwaka mzima. Mbu wa jamii ya Anopheles gambiae hupanda na mvua. Anopheles funestus hushika zamu wakati wa kiangazi. Mwaka 2014 jarida la Malaria Journal lilichapisha utafiti ulioongozwa na Victor Mukonka ulioonyesha kwamba mzigo wa malaria wilayani humo ulibaki mkubwa hata baada ya vyandarua na dawa ukoko kuongezwa. Jambo hilo lilipaswa kumkosesha usingizi yeyote aliyekuwa akitia saini ripoti zenye asilimia nzuri.

Mwaka huohuo wa 2014 Zambia iliingiza utaratibu mwingine wa kuhesabu. Akros, taasisi yenye makao Lusaka, ilitengeneza mfumo ulioitwa mSpray. Kabla ya bomba kutoka ghalani, watu walikaa mbele ya kompyuta na picha za setilaiti wakaweka alama juu ya kila paa. Kila alama ikawa agizo la kazi. Timu ilipokwenda uwandani na vishikwambi, ilikuwa na ramani ya nyumba zote, pamoja na zile ambazo kwa njia ya zamani zisingejulikana. Mfumo huo ulitumika katika wilaya kadhaa. Mimi nauweka kando ya Mweru kwa sababu ugumu wake wote unakutana pale: visiwa, watu wanaohama kwa misimu, na mtandao wa simu usiotegemewa.

Mageuzi yenyewe ni kwamba orodha ilitangulia kazi. Zamani rekodi ilizaliwa mlangoni, mpuliziaji akisimama na kalamu. Sasa rekodi inamsubiri, na hali yake ya kwanza ni "haijafikiwa". Hiyo ndiyo hali yenye thamani kuliko nyingine zote katika mfumo wowote wa kazi za uwandani, na ndiyo ambayo mafundi wengi wa programu huiacha iwe nafasi tupu. Nafasi tupu haihesabiki. "Haijafikiwa" inahesabika, inachorwa kwenye ramani, na jioni mtu anaweza kuulizwa juu yake.

Baada ya hapo nyumba moja inaweza kuwa katika hali ngapi? Kwa aliye ofisini ni mbili, tayari au bado. Kwa anayebeba bomba ni nyingi kuliko hizo. Kuna iliyopuliziwa yote. Kuna iliyopuliziwa vyumba viwili kati ya vitatu kwa kuwa mwenye ufunguo wa kile cha tatu yuko ziwani. Kuna ambayo mwenyewe alikutwa akakataa. Kuna yenye msiba, yenye mgonjwa asiyeweza kutolewa nje, yenye watoto peke yao. Kuna paa ambalo chini yake hakuna kitanda, ni banda la kukaushia samaki au jiko la nje. Setilaiti huona paa, haioni wanaolala chini yake. Kuna nyumba iliyobomoka tangu picha ipigwe, na nyumba mpya ambayo picha haikuiona, ambayo mpuliziaji lazima aweze kuiongeza papo hapo.

Kosa la kawaida ni kuzipanga zote hizo katika orodha moja ndefu na kumwambia mtu achague. Mambo mawili tofauti yamechanganywa humo. La kwanza ni agizo limefika wapi katika safari yake: limetolewa, limeanza, limesimama, limefungwa. La pili ni nini kimetokea kwa nyumba. FHIR, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana taarifa za afya, huyatenganisha: kila kazi ina hali rasmi, ambazo katika toleo lake la nne ni 12, na pembeni yake ina sehemu nyingine ya hali ya kikazi ambayo kila mradi huijaza kwa maneno yake. Reveal, mfumo uliokuja baada ya mSpray, unafuata mpango huo. Hivyo agizo linaweza kuwa "limekamilika" huku nyumba ikiwa "haikupuliziwa". Msomaji wa mara ya kwanza huona mgongano. Hakuna mgongano. Mpuliziaji alikwenda, alibisha, mwenye nyumba alikataa, imeandikwa. Kazi yake imekwisha. Nyumba bado haina dawa, na hilo sasa ni jambo la mhamasishaji au la mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa maoni yangu hali 12 ni nyingi mno kwa mtu aliyevaa glavu na barakoa. Mbele yake ziwekwe nne au tano, zilizobaki zikokotolewe nyuma ya pazia. Lakini utenganisho wenyewe usiguswe. Mradi ukiuvunja, hupata moja ya maradhi mawili: ama wapuliziaji wanaacha maagizo wazi kwa sababu hawataki kuandika "imekamilika" juu ya nyumba isiyo na dawa, ama wanaandika "imekamilika" na dawa inaonekana imepakwa ukutani ambako haikupakwa.

Tazama neno "imefungwa" kando ya Mweru. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na mvua zikianza kaya nyingi za ukingoni huelekea mashamba ya bara. Uvuvi ukifunguliwa hurudi, wengine wakaenda kupiga kambi visiwani. Basi mlango wenye kufuli unaweza kumaanisha mama yuko sokoni na atarudi saa kumi, baba yuko kambini Chisenga kwa wiki tatu, au kaya nzima iko shambani mpaka mavuno. Mfumo unaoandika "imefungwa" tu utaipeleka timu kwenye nyumba ya tatu kesho asubuhi na kupoteza safari, huku ile ya kwanza ikisahauliwa. Inayohitajika ni hali pamoja na tarehe: imefungwa, rudi lini. Jirani ndiye anayejua. "Mwapoleni, mayo," mpuliziaji anamsalimu mama wa mlango wa pili, anauliza, na jibu la mama huyo linapaswa kuwa na mahali pa kuandikwa.

Njia kutoka hali moja kwenda nyingine zinahitaji ulinzi kuliko hali zenyewe. Ningependekeza sheria chache. Agizo lisitoke "haijafikiwa" kwenda kokote bila kishikwambi kuwa karibu na jengo lenyewe. Hilo linapimwa kwa setilaiti za kutambua mahali, ambazo hazihitaji mtandao wa simu. "Haikupuliziwa" isikubaliwe bila sababu. Kurudi nyuma kuruhusiwe, kwa sababu aliyekataa Jumatatu huweza kukubali Alhamisi baada ya kuona kwa jirani, lakini safari ya kwanza isifutwe. Na "jengo halipo" isifungwe na mtu mmoja. Mwisho wa kampeni unapokaribia na asilimia imegoma kwenye 83, nyumba zisizokuwepo huongezeka ghafla. Kila moja inayoondolewa kwenye hesabu ya zilizopo hupandisha matokeo bila tone la dawa. Hali hiyo ihitaji uthibitisho wa kiongozi wa timu aliyefika mwenyewe.

Sasa tuje kwenye utegemezi, yaani kazi ipi isianze mpaka ipi iwe imekwisha. Ndani ya nyumba mlolongo wake ni wa lazima. Vyombo, chakula na matandiko hutolewa au hufunikwa, watu na mifugo hutoka, ndipo bomba linaingia. Mpuliziaji husimama hivi kwamba ncha ya bomba iwe sentimita 45 kutoka ukutani, hupanda na kushuka kwa mistari ya upana wa sentimita 75. Akimaliza, kaya hukaa nje kwa muda wa saa mbili, kisha madirisha hufunguliwa na sakafu hufagiwa. Hakuna mantiki ya programu inayoweza kugeuza mpangilio huo, na programu isijaribu kumdai mpuliziaji athibitishe kila hatua. Ukimpa mtu vitufe saba kwa kila nyumba, atavibonyeza vyote saba jioni akiwa chini ya mwembe.

Utegemezi unaostahili kuingizwa kwenye mfumo ni wa nje ya nyumba, pale ambapo kazi ya mtu mmoja humzuia mwingine asiyemwona. Shimo la kunyonyea maji yenye dawa na mapipa ya kuoshea mabomba lazima viwe tayari kituoni kabla ya siku ya kwanza, maana maji ya suuza hayana pengine pa kwenda, na ziwa liko pale, na watu wanakula samaki wake. Wapuliziaji lazima wapimwe afya na kufunzwa. Dawa lazima ifike. Actellic 300CS, dawa iliyotumika Nchelenge baada ya mbu kuonyesha usugu kwa pairethroidi, huja katika chupa za mililita 833. Chupa moja huchanganywa katika bomba moja na hutosha takriban mita 250 za mraba za ukuta. Chupa tupu hurudi ghalani kwa hesabu. Hapo ndipo utegemezi huwa pia ukaguzi: siku ya timu isifungwe mpaka chupa zilizorudi zilingane na zilizotoka, na nyumba zilizoandikwa zilingane, kwa kadiri ya kuaminika, na dawa iliyotumika. Timu inayoripoti nyumba 60 kwa chupa nne ama inapulizia vibanda vya kuku ama inaandika riwaya.

Wazo la kuchora kazi kwa mishale ya utangulizi si geni. James Kelley na Morgan Walker walilifanyia hesabu mwaka 1957 kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya DuPont huko Marekani, na mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likaja na mbinu ya aina hiyo kwa mradi wa makombora ya Polaris. Lakini kiwanda kina msimamizi anayeona mashine zote. Kampeni ya dawa haina. Ndiyo maana mpangaji wa kazi za uwandani anapaswa kujiuliza, kwa kila mshale anaouchora, ikiwa ni wa lazima au wa mazoea. Mhamasishaji hutangulia siku moja kuzungumza na kaya. Ni vizuri sana, na huongeza kukubaliwa. Je, asipopita, nyumba isipuliziwe? Hapana. Mwenye nyumba akiwa mlangoni na amekubali, puliza. Mshale huo uwe onyo tu. Mgonjwa aliye kitandani ni jambo jingine. Huo ni mshale wa chuma.

Mishale ya mazoea ikizidi huzaa duara. Ghala halitoi dawa bila orodha ya nyumba iliyoidhinishwa. Orodha haiidhinishwi bila timu kuihakiki uwandani. Timu haipewi mafuta ya gari bila kuwa imechukua dawa. Kila ofisi ina sababu nzuri, na hakuna kinachosogea. Kwenye karatasi duara kama hilo hugunduliwa siku ya kwanza ya kampeni, watu 40 wakiwa wamekaa uani na mabomba matupu. Kompyuta hulitambua kwa sekunde wakati wa kupanga, mradi mishale imeandikwa. Ni moja ya mambo machache ambayo nayakubali bila masharti kuhusu programu hizi.

Kuna pia suala la kazi mama na watoto wake. Boti ya kwenda Kisiwa cha Kilwa haikuondoka kwa sababu ya upepo. Huo ni mkwamo mmoja, lakini chini yake kuna mamia ya nyumba. Mfumo uliojengwa vibaya utazitia nyumba zote hizo alama ya kushindikana, na kesho yake mtu atalazimika kuzifungua upya moja moja. Uliojengwa vizuri utasimamisha safari tu. Nyumba zitabaki "hazijafikiwa", zikirithi sababu kutoka juu, na boti ikiondoka Jumatano sababu hiyo hutoweka yenyewe. Hali ya mtoto isiandikwe kama inaweza kukokotolewa kutoka kwa mama.

Haya yote yanatokea bila mtandao. Vishikwambi viwili hufanya kazi kitongoji kimoja siku nzima na kukutana na seva usiku. Cha kwanza kinasema nyumba ya mpakani ilikuwa imefungwa saa tatu asubuhi. Cha pili kinasema imepuliziwa saa nane mchana. Ikiwa sheria ni kwamba wa mwisho kufikisha taarifa ndiye anayeaminiwa, na kishikwambi cha kwanza ndicho kilichochelewa kupata mtandao, nyumba yenye dawa itaonekana imefungwa na timu itarudi bure. Suluhisho ni kutunza matukio badala ya hali: nani, wapi, saa ngapi, aliona nini. Hali ya sasa isomwe kutoka kwenye mfuatano huo. Na saa za vishikwambi zisawazishwe kila asubuhi kabla ya kuondoka, kazi ndogo ambayo haimo kwenye mipango mingi.

Zanzibar inatoa mfano wa upande wa pili, ambako agizo huzaliwa na tukio. Tangu 2012 visiwa hivyo vimetumia mfumo wa Coconut Surveillance. Kituo cha afya kikimgundua mgonjwa wa malaria, taarifa hutumwa kwa simu na ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya huipata. Anakwenda kwanza kituoni kukamilisha taarifa za mgonjwa, kisha nyumbani kwake kuwapima wanakaya. Ziara ya nyumbani inategemea ya kituoni, maana bila hiyo hajui aende kwa nani. Mishale miwili, yote ya lazima, na hakuna wa tatu. Kwa sehemu kubwa ndiyo sababu maofisa wenye pikipiki waliweza kuufuata mwaka hadi mwaka. Nchelenge haiwezi kuiga hilo. Penye wagonjwa wengi namna ile, kumfuata kila mmoja nyumbani kwake hakuna mwisho.

Hali moja bado sijaigusa: "imesimamishwa". Katika mafunzo huelezwa haraka, kama kituo cha muda kati ya kuanza na kumaliza. Januari 2025 serikali ya Marekani ilituma maagizo ya kusitisha kazi kwa miradi iliyoifadhili duniani, ikiwemo ya malaria barani Afrika, na mamia ya watu waligundua kwamba mfumo wao hauna jibu la swali jepesi: aliyesimamisha ni nani, na nani ana uwezo wa kuondoa zuio? Agizo lililosimamishwa bila jina la aliyelisimamisha na tarehe ya kulitazama tena ni agizo lililofutwa kwa adabu. Sehemu hizo mbili ziwe za lazima, na programu ikatae kuhifadhi bila hizo.

Nchelenge yenyewe ilipata nini? Watafiti wa kituo cha utafiti wa malaria cha ICEMR, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na wenzao, walipima miaka mitatu ya kupulizia Actellic wilayani humo, 2014 hadi 2016. Matokeo, yaliyochapishwa 2019 na Marisa Hast na wenzake, yalikuwa haya: katika maeneo yaliyolengwa maambukizi yalipungua kwa takriban asilimia 25 msimu wa mvua, na kiangazi hayakupungua. Dawa ilikuwa ghali, kwa hiyo ililengwa kwenye maeneo yenye nyumba zilizosongamana. Nyumba zilizotawanyika bara hazikuwa "hazijafikiwa" wala "hazikupuliziwa". Hazikuwa na agizo kabisa. Timu iliyofunga maagizo yake yote kwa uaminifu bado iliacha nje ya orodha watu ambao mbu wa funestus waliwafikia kila usiku wa kiangazi. Hilo halirekebishwi na mpuliziaji wala kishikwambi chake. Ni uamuzi wa bajeti na wa mipaka ya eneo, na hufanywa na wizara pamoja na wafadhili kabla agizo la kwanza halijaandikwa.